Muulize Fundi: Springi Hazinyanyui Difu

*Ami, shikamoo. Nina Hilux ya mwaka 1994, dizeli ya 2.8 isiyo na tabo, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani pande zote nne. Nabebea nazi na mahindi kutoka shamba letu ndani ya Kinango hadi soko la Kongowea. Masika yakiingia, njia ya shamba huchimbika mikondo miwili ya magurudumu na katikati hubaki mgongo. Difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, hukwaruza mgongo huo, na mara nyingine gari hukaa papo hapo. Fundi mmoja ameniambia niinue springi inchi 4 na nilivalishe matairi ya inchi 33. Sasa hivi nina 225/75R16. Nyuma gari limelala hata likiwa tupu. Nifanye alivyosema? Gari hili ndilo linalotulisha.*
*Msomaji, Likoni*

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi umetaja kinachogusa chini, maana jibu limo humo. Barua nyingi zinazonifikia husema tu "nataka gari liwe juu," na mimi hubaki nikijiuliza ni kipi hasa kinachotakiwa kiwe juu.

Gari lako lina ekseli nzima, yaani mtaimbo mmoja unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Difu imo ndani ya ekseli, ekseli inabebwa na magurudumu, na springi zimekalia juu ya ekseli. Ukiinua springi inchi 4, bodi itapanda, na chasisi, tangi na bampa zitapanda nayo. Difu haitasogea hata unywele. Mgongo ule wa njia ya Kinango utaikwaruza masika ijayo kama ulivyoikwaruza masika iliyopita, na utakuwa umeshalipa. Kinachoipandisha difu ni kimo cha tairi peke yake, na hicho nacho hukupa nusu: kipenyo kikiongezeka, nusu ya nyongeza huwa chini ya ekseli na nusu juu yake.

Tupige hesabu pamoja, maana ukishaijua hakuna muuza tairi atakayekubabaisha. Kwenye 225/75R16, ile 225 ni upana kwa milimita, 75 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ukuta wa tairi, na 16 ni inchi za rimu. Asilimia 75 ya 225 ni karibu 169. Mara mbili, juu na chini, ni karibu 338. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406. Jumla ni 744. Hicho ndicho kipenyo cha tairi ulilo nalo. La inchi 33 ni milimita 838, kwa hiyo difu ingepanda milimita 47. La 265/75R16, ambalo vijana wengi wa hapa Mombasa hulikimbilia, ni 804, na difu hupanda 30. Lipo jingine watu hulipita dukani kwa sababu halijai macho: 235/85R16. Hilo ni 806. Difu hupanda milimita 31, na upana umezidi wa sasa kwa sentimita moja tu.

Kwa gari lako na kazi yako ningechukua hilo la mwisho. Jembamba lenye kimo hupenya matope na kuitafuta ardhi ngumu iliyo chini, wakati pana huelea juu na kuteleza. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, pana la 265 hulamba jani la springi ya mbele kwa ndani, na hutaka rimu isiyopungua inchi 7. La 235/85 hukaa vizuri kwenye rimu ya inchi 6 hadi 7, kwa hiyo pima zako kabla hujaamua. Huenda usinunue rimu kabisa. La inchi 33 sahau. Nitakuambia kwa nini nikifika kwenye mota.

Lakini usinunue tairi bado. Umesema nyuma limelala likiwa tupu, na hilo ndilo lililonishughulisha kuliko yote katika barua yako. Gari la miaka yote hiyo, lenye kubeba nazi, springi zake zimechoka. Lipeleke mahali penye sakafu iliyosawazika, likiwa tupu, ujaze upepo sawasawa. Pima kwa futi kamba kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu wima mpaka ukingo wa madigadi. Fanya pande zote nne na uandike. Nimeeleza kitovu kwa makusudi: ukipima kutoka chini, tairi na upepo vinaingia kwenye hesabu na hujui tena springi imelala kiasi gani. Upande wa dereva ukiwa chini kuliko wa pili, springi hiyo imekufa mapema, au kuna jani limevunjika ndani na hulioni kwa udongo. Tafuta Hilux ya namna yako ambayo springi zake ni nzima, uipime vivyo hivyo. Tofauti utakayoipata ndiyo kimo ulichokipoteza. Mara nyingi mtu anayetaka kuinuliwa inchi 2 huwa amepoteza hizo hizo 2, na akirudishiwa kimo cha kiwandani hataki tena kingine.

Kabla ya springi, chuma. Sisi tunakaa na bahari. Chumvi hukaa ndani ya chasisi, hasa pale inapopanda juu ya ekseli ya nyuma na kwenye vishikio vya springi, kwa kuwa udongo hukusanyika humo na hauanikwi na jua. Ukiosha gari kwa maji ya kisima cha hapa kisiwani, mengi ni ya chumvi, unaongezea. Ingia chini na nyundo ndogo, uigonge chasisi kidogo kidogo kuanzia kishikio cha mbele hadi cha mwisho nyuma. Chuma kizima hulia, sauti yake huwa kali na nyundo hukurudia mkononi. Chuma kilicholiwa hutoa mlio mfu na nyundo hubaki pale, na magamba ya kutu huanguka kama maganda ya andazi. Hapo huhitaji springi mpya. Unahitaji fundi wa kuchomelea anayejua kukata kibovu chote mpaka chuma safi kabla ya kutia kiraka. Kiraka juu ya kutu ni rangi tu. Springi ngumu juu ya chasisi iliyolika hupasua ile sehemu iliyo nyuma ya kebini, na mpasuko huo huanza kama unywele.

Chuma kikiwa kizima, nenda kwenye springi. Hapa nina msimamo. Watu wetu wanazo njia tatu za kuinua, na mbili kati yake sizitaki kwenye gari la mzigo.

Ya kwanza ni kupasha springi kuukuu moto na kuikunja upya. Springi ni chuma kilichopikwa kwa kipimo ili kiwe na unyumbufu. Ukikitia moto kwa makisio, upishi ule unapotea. Gari litaondoka gereji limesimama vizuri, nazi zikianza kupanda litalala tena, safari hii chini kuliko mwanzo. Ikiwa lazima springi ikunjwe, ikunjwe baridi kwa nyundo, na mtu aliyezoea kazi hiyo. Hata hivyo ni dawa ya muda.

Ya pili ni kipande cha chuma kinachowekwa kati ya springi na ekseli. Kwa nyuma wapo wanaokitumia na gari likatembea. Kwa mbele, mwanangu, asikuwekee mtu yeyote. Ukikanyaga breki, ekseli ya mbele hutaka kujiviringisha, na kile kipande huipa mkono mrefu wa kuvuta. Boliti hulegea, ekseli huhama, na usukani uko kwenye ekseli hiyo hiyo. Liliwahi kuletwa kwangu pikapu lililowekewa vipande hivyo mbele, viwili juu ya kila upande, kimechomelewa kimoja juu ya kingine. Nilimwambia mwenyewe aliache pale alipoliegesha, hatutaliwasha mpaka vitoke. Alikasirika. Bado ningemwambia hivyo hivyo leo.

Ya tatu ndiyo nitakayo kwako: seti mpya ya springi yenye kimo cha sentimita 4 hadi 5 juu ya ile ya kiwandani, iliyotengenezwa kwa uzito unaobeba kweli. Sema ukweli dukani. Ukisema gari hubeba kilo 800 wakati siku nyingi hubeba 300, utapewa springi ngumu kama ubao, na magurudumu ya nyuma yataruka kila shimo. Sentimita hizo 4 au 5 sizitaki kwa ajili ya difu, nimeshakueleza. Nazitaka ili tairi la milimita 806 lipate nafasi ndani ya madigadi springi inapobonyea, bila kukata bati. Kuongeza jani moja kwenye springi kuukuu ni rahisi zaidi, lakini jani jipya hubeba kazi yote na yale makuukuu hulala juu yake. Si seti moja tena.

Springi mpya zije na yu-bolti mpya, zile boliti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli. Yu-bolti ikishakazwa mara moja huwa imenyooka kidogo na haikazi tena vile vile, na zako za mwaka 1994 zina kutu kwenye nyuzi. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kisha baada ya kilomita mia chache urudi zikazwe tena. Bushi na sheko, vile vishikio vinavyobembea mwishoni mwa springi, zibadilishwe siku hiyo hiyo. Shokabzoba nazo: zile fupi za zamani zikivutika mpaka mwisho zinakuwa ndizo zinazolizuia gurudumu kushuka, na hazikuumbwa kwa kazi hiyo. Paipu za breki za mpira za mbele ziangaliwe gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Ikiwa paipu imekaza kama uzi wa nguo, ni fupi.

Kuna kitu kimoja mafundi wengi hukisahau, na kwa mtu anayebeba mzigo ndicho cha hatari. Lala chini ya gari, nyuma, uangalie juu ya ekseli. Utaona fimbo ya chuma inayopanda kutoka ekseli hadi kwenye vali iliyofungwa kwenye chasisi, na paipu za breki zinaingia humo. Hiyo ndiyo inayojua kama gari lina mzigo. Mzigo ukiingia, chasisi hushuka karibu na ekseli, fimbo husukuma, vali huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Gari likiwa tupu, chasisi hupanda na vali hupunguza, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge na kuteleza. Sasa wewe umeinua chasisi sentimita 5. Vali haijui habari ya springi mpya. Inaona ekseli iko mbali, inasema gari ni tupu. Utakuwa na gunia za mahindi juu, unateremka kutoka Kwale kuja Kombani, na breki za nyuma zimepunguziwa nguvu. Dawa yake ni ndogo: kishikio cha fimbo kwenye ekseli kipandishwe kwa kiasi kile kile ulichoinua, kisha irekebishwe. Mwambie fundi kabla hajaanza, umwoneshe kwa kidole. Asipojua unazungumzia nini, tafuta mwingine.

Usukani nao. Sheko ndefu za mbele, ambazo wengine huziuza kama njia ya mkato ya kuinua, huigeuza pembe ya ekseli. Usukani huacha kurudi wenyewe baada ya kona, na gari hutangatanga barabarani upepo wa lori ukilipita. Hata kwa springi mpya, lipeleke kwenye alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa pembe za magurudumu, kabla ya safari.

Nimeahidi mota. Tairi likipata kimo, kila mzunguko hukupeleka mbali zaidi, na gia zote huwa ndefu. Kutoka 744 hadi 806 ni asilimia 8. Mota yako ya 2.8 haina tabo. Kilima cha Mazeras ukiwa na mzigo utakipanda kwa gia moja chini ya uliyoizoea, na klachi utaisikia unapoondoka mahali pa mwinuko. Asilimia 8 inavumilika kwa dereva mpole, na kwenye matope unayo gia ya chini ya fo-wili. Kwa inchi 33 ungepoteza karibu asilimia 13, na gurudumu zito kiasi hicho hudai breki zaidi, hula beringi, na huchosha viungo vya usukani ambavyo tayari ni vizee. Mtu wa namna hiyo lazima abadilishe na meno ya difu zote mbili, mbele na nyuma kwa uwiano mmoja. Kwa gari linalolisha nyumba, sioni faida.

Mwisho kwa upande wako, ongea na kampuni yako ya bima kabla ya kazi, na kwa kuwa ni gari la biashara linaloingia ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, kila mwaka, matairi yasitokeze nje ya madigadi. Ukiwa na springi nzima, 235/85, na hatua moja ambayo ni ya bure, nayo ni kwenda na jembe na kuusawazisha ule mgongo pale panapokushika kila mwaka kabla mvua hazijaanza, difu yako itapita.

*Asalaam aleikum fundi. Mwanangu wa kiume alibadilisha matairi ya pikapu yangu ninayokodisha, kutoka 225/75R16 akaweka 265/75R16. Tangu hapo dereva ananiletea hesabu ya mafuta iliyozidi, na mimi nashuku ananiibia. Je, matairi yanaweza kuzidisha mafuta kiasi hicho?*
*Mama wa Bamburi*

Waaleikumu salaam, mama. Kabla ya kumshuku mtoto wa watu, isahihishe saa ya kilomita ya gari kwanza. Tairi la sasa lina kipenyo cha 804, la zamani 744. Saa ya kilomita inahesabu mizunguko, haijui kimo. Ikiandika 100, gari limekwenda 108. Kwa hiyo ukigawa kilomita za saa kwa lita, unaonekana umepata kilomita chache kwa lita kuliko ulizozipata kweli. Chukua kilomita za saa, zidisha kwa 1.08, ndipo ugawe.

Baada ya hesabu hiyo kutabaki nyongeza kidogo, na hiyo ni ya haki: tairi pana na zito hudai nguvu zaidi, hasa kwenye foleni ya Nyali ambako gari linaondoka na kusimama muda wote. Ikiwa bado pengo ni kubwa, angalia upepo wa matairi na uangalie kama breki zinashika wakati hazijakanyagwa. Baada ya safari, sogeza nyuma ya mkono karibu na kila rimu bila kuigusa, inayotoa joto kali peke yake ndiyo yenye taabu. Ndipo uzungumze na dereva, mama, na uzungumze naye kwa upole.

Na kuna la mwendo. Saa ikimwonesha 80, yeye yuko karibu 86. Askari wa barabarani akimsimamisha na kipimo chake, dereva ataapa kwamba hakuzidisha, naye atakuwa anasema kweli kama aonavyo. Mbandikie karatasi kwenye dashibodi: 74 kwenye saa ni 80 barabarani.

*Fundi, mimi huchukua samaki ufukweni huko Msambweni kwa Land Cruiser kuukuu ya springi za majani. Hukwama mchangani. Niweke matairi mapana?*
*Kijana wa Ukunda*

Usinunue chochote kwanza, kijana. Toa upepo. Gari likiwa tupu, shusha mpaka 18 au 20 kwa kipimo cha psi. Likiwa na samaki na barafu, usiende chini ya 22. Tairi lililopungua upepo hurefuka chini, huukanyaga mchanga kwa eneo kubwa zaidi na halichimbi. Tembea pole pole, usizidi kilomita 30 kwa saa, na usikate kona kwa ghafla, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Ukisikia gari linazama, ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kukanyaga zaidi ni kujizika. Rudi nyuma juu ya nyayo zako mwenyewe, zimeshakandamizwa.

Nunua pampu ndogo inayotumia betri ya gari. Kurudi lami na upepo wa 18 ni kuliunguza tairi kwa joto kwa ndani, nawe huoni kitu kwa nje mpaka linapopasuka.

Matairi yako yakiwa ya mtumba, angalia ukutani tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua letu hukausha mpira hata kama meno bado ni marefu. Ukiona nyufa ndogo ndogo ukutani, tairi hilo usilitolee upepo mchangani kabisa. Na kila ukitoka ufukweni pitisha maji matamu chini ya gari, hasa ndani ya chasisi na kwenye majani ya springi, siku hiyo hiyo kabla chumvi haijakauka.